Nyuzi Ndani ya Chuma

Mwanangu kipenzi,

Huku kuku wametaga, na usishtuke, baba yako mzima. Juzi kile kifuniko cha mashine ulichomtengenezea kilipasuka kazini. Si ulisema chuma kile ni kigumu lakini huvunjika kama sahani, ukakitia nyuzi za waya ndani? Naye akakucheka, "Fundi chuma gani huyu anashona?"

Basi ufa ulipofika kwenye nyuzi ukakwama, kifuniko hakikuachana. Cha zamani kiliruka vipande, kikamtoa mjomba wako jicho.

Baba yako alikuja nacho nyumbani, akawa akiupapasa ule ufa kwa kidole. Leo ndipo akasema, "Mwandikie mwanao, mwambie aendelee kushona."

Ahsante, mwanangu. Nimemmiminia chai huku nikiyatazama macho yake yote mawili.

Mimi mama yako