Wakikumbatiana, Mimi Nafundisha Kuzima Moto

Mpendwa mshauri wetu wa redioni, Mama Flavia, shikamoo, naomba msaada wako na naomba kwanza usinicheke, maana nyumbani nikisema jambo watu hucheka kabla sijafika mwisho, na ndiyo sababu huwa sisemi. Mimi ni msichana wa kidato cha tatu, naishi na mjomba wangu Kilian huku mwambao wa Ziwa Nyasa, na shuleni mwalimu akiniuliza swali, hata kama jibu nalijua, nasimama tu mpaka ananionea huruma ananiambia kaa. Mjomba ana banda la video. Mwaka jana alipanda Mbinga kuuza usipa, vile visamaki vyetu vya ziwani, akarudi na boksi la CD za sizoni moja, tamthilia ndefu ya askari wa zimamoto, akisema kaipata kwa bei nzuri, kumbe bei ilikuwa nzuri kwa sababu haijatafsiriwa, ni Kiingereza kitupu mwanzo mpaka mwisho, na watu walishajaa bandani baada ya misa. Mjomba akanitazama, akasema, "Wewe si unasoma kwa Kiingereza? Leo tunataka faida yake." Akafunga kitenge kwenye kona akaniweka nyuma yake na kipaza sauti.

Mama, sijui nilipatwa na nini. Nyuma ya kitenge hakuna anayeniona na mimi simwoni mtu, naona skrini tu, basi nikaongea kama mpiga debe wa stendi, moto ukiwaka nawaka nao, ghorofa likianguka naanguka nalo, watu wakapiga makofi, nikawa nasubiri Jumapili kuliko sikukuu.

Mambo yaliharibika pale kapteni wa wale askari na nesi mmoja walipoingia kwenye chumba cha kuwekea mipira ya maji wakashikana mashavu. Waliyoambiana niliyaelewa vizuri, lakini kuyaelewa kwa Kiingereza si sawa na kuyasema kwa Kiswahili kwenye spika mbele ya mjomba, mbele ya Katekista Ladislaus, mbele ya akina mama wa kanisani waliojaza benchi la kwanza, na kitu pekee kilichonijia ni kemia ya kidato cha pili. Nikasema nesi anamwambia kapteni kwamba moto unahitaji vitu vitatu, joto, hewa na kitu cha kuungua, ukiondoa kimoja umeuzima. Kapteni akamvuta karibu zaidi. Nikasema kapteni anasema rudia, sijasikia vizuri.

 Kisha nikamsikia Katekista anasema, "Wenzetu hata wakikumbatiana wako kazini."

Bibi Gertrude akamjibu, "Ndiyo maana wameendelea. Mwanangu Placidi akikumbatia mtu, siku hiyo hata kuni hakati."

Mjomba akachungulia kwenye kitenge akasema wanauliza mbona wanashikana mashavu. Nikasema wanakagua kama kofia zitakaa. Walipobusiana nikasema wanapeana hewa, mtu akivuta moshi lazima apewe hewa. Jumapili iliyofuata Katekista akataka kujua hawa wawili wana uhusiano gani, nikaona nilimalize kabisa, nikasema ni ndugu, kapteni ni mtoto wa baba mkubwa na nesi ni wa baba mdogo, watu wakaridhika.

Tangu hapo kila wakikumbatiana mimi nafundisha, tambaa chini kwa sababu hewa safi iko chini, funika kwa blanketi bichi, mwaga mchanga, lakini mama, ile mada ya kemia ni fupi na wale wawili hawachoki, mada ikaisha wao wanaendelea, nikaanza kutunga. Siku moja walibusiana mpaka kengele ya kituo chao ikalia mara tatu ndipo wakaachiana, nikasema kapteni anamfundisha nesi kwamba paa la nyumba halianguki mpaka kengele ya tatu, hivyo asiogope kuingia. Vijana wakaunda kikosi cha zimamoto cha kijiji, wana ndoo, wana mchanga kwenye viroba, na kabla ya kwenda kuchota maji wanashikana mashavu kukagua kofia, ingawa kofia hawana. Juzi jiko la Mzee Isidori lililoezekwa nyasi likashika moto, wakagonga ile rimu ya gari ambayo ndiyo kengele yetu, wakamwaga mchanga, na Rodrick, ambaye siku zote huingia wa kwanza na wala hajigambi, akaingia kutoa debe la unga, ikagongwa ya kwanza, ikagongwa ya pili, akatoka anatembea kama anatoka dukani, ikagongwa ya tatu na paa likaanguka nyuma yake palepale, sasa hakuna wa kuwaambia kitu, Rodrick anasema siku nyingine atatoa na kitanda, na wiki hizi watu wanachoma mashamba.

Lakini shida yangu siyo hiyo. Shida yangu ni CD ya mwisho. Nimeitazama peke yangu. Kapteni na nesi wanafunga ndoa, mama, kanisani, kuna padre, kuna gauni, kuna shada, na banda zima linajua ni ndugu. Inawekwa Jumapili hii, na Katekista amesema atawaleta vijana wa Kipaimara waje wajifunze. Nijifanye mgonjwa? Niikwaruze CD kwa jiwe? Au niseme kapteni anapandishwa cheo na lile gauni ni vazi jipya la kukinga moto? Nakuomba usitaje jina langu wala kijiji chetu.

Ni mimi, Msichana wa Nyuma ya Kitenge.

MAMA FLAVIA ANAJIBU:

Marahaba, mwanangu. Uliomba nisicheke, nimecheka, na fundi mitambo wangu amecheka mpaka nimemwashiria atoke nje. Kisha nikairudia barua yako, na mara ya pili sikucheka.

Umeniuliza kuhusu harusi ya watu wa kwenye CD. Hao hawaungui. Mwigizaji akimaliza kuungua anaoshwa uso anakwenda kula. Ila katikati ya barua, kama mtu anayesalimia huku anapita, umeniambia kuna kijana anaamini paa la nyasi litamsubiri atoe kitanda. Halafu ukaandika kwamba shida yako siyo hiyo. Binti, ndiyo hiyo. Siku ile paa lilianguka kengele ya tatu ilipogongwa kwa bahati tu, na bahati hiyo ni mbaya kuliko kama lingeanguka mapema likamwunguza mkono, maana imewafanya wote wakuamini.

Wala usijifiche nyuma ya aibu. Mwaka mzima umesema uongo kwenye kipaza sauti bila kutetemeka, leo ukweli ndio ukutie homa?

Harusi ni jambo dogo. Sema wanaoana. Sema si ndugu, uliona haya ukadanganya. Katekista amefundisha mafundisho ya ndoa miaka yote hiyo, hatazimia. Na hao akina mama wa benchi la kwanza wana watoto, hawakuwapata kwa kukagua kofia. Yale ya kemia yaache, ni kweli na yamefanya kazi. Kamweleze mwalimu wako, atafurahi kujua kuna aliyekuwa anamsikiliza.

Sijataja jina lako, na majina yote niliyoyasoma hapa redioni nimeyabadilisha. Kijiji nacho sijakitaja, lakini mwambao mzima kipo kimoja tu ambako vijana hushikana mashavu kabla ya kuchota maji, na najua mnanisikiliza. Basi wanakikosi, sogezeni redio. Nyasi zikishika moto paa halina saa na halisikii kengele. Watu wakishatoka, hakuna anayerudi ndani, si kwa unga, si kwa kitanda. Mwageni maji na mchanga mkiwa nje, lowesheni mapaa ya jirani, na mashamba yachomwe upepo ukiwa umetulia, watu wakiwa wamesimama na ndoo.

Nimeanza kukusemea, kumaliza ni juu yako. Jumapili, kabla mjomba hajaweka CD, shika kipaza sauti uyarudie maneno hayo, kwa sababu waliyemwamini ni wewe, siyo mimi.

Na yale uliyoandika nyuma ya karatasi, kuhusu yule anayeingia wa kwanza, sikuyasoma hewani na sitayasoma. Mengi kati ya hayo yasubiri umalize shule. Ila lile moja, kwamba siku ya jiko la Mzee ulisimama nje ukashindwa hata kumwita jina, hilo halisubiri. Kamwambie wiki hii, mchana, mbele ya kitenge, bila kipaza sauti. Na safari hii, mwanangu, usitafsiri.