Sheria ya Nyumba Yetu

Jumatatu, 4 Machi
Nimekubaliwa uhamisho! Mkuu wa idara ya fizikia, shule ya mji wa mbali. Nijibu kabla ya Ijumaa kwisha. Nikampigia kaka. Hata hongera hakusema, akauliza tu: na mama je? Nikameza jibu. Nimezoea kumeza.

Jumanne, 5 Machi
Maabara, kidato cha tatu. Nimefunga kamba baina ya viti viwili, nikaning'iniza mawe mawili kwa nyuzi. Unasukuma la kwanza. Linabembea, linapungua, linasimama — na la pili, ambalo hakuna aliyeligusa, linabembea badala yake. Kisha zamu inarudi. Msichana wa mbele akauliza sheria hiyo imo ndani ya jiwe lipi. Nikalifungua moja kutoka kwenye kamba, nikalitundika peke yake dirishani. Likabembea weee, hakuna zamu. Haimo ndani ya jiwe lolote, nikawaambia. Iko baina yao.

Wakati wa chai mwalimu wa hesabu akanibishia. Eti sheria zilitangulia, vitu vinatii tu; bila amri ni vurugu. Nikamwambia kwetu nyumbani hakuna aliyetoa amri, na vurugu hakuna. Mimi tu ndiye hoi.

Jumatano, 6 Machi
Nimemwogesha mama, hawezi tena kuinuka mwenyewe. Mgongo unaniuma.
Nani alisema nitabaki naye? Hakuna. Kaka alipata kazi mbali, nikajisogeza kidogo. Mdogo wangu akaolewa, nikajisogeza tena. Mchumba wangu akachoka kungoja. Kila mtu kasogea kidogo tu, leo wanasema ndivyo tulivyo. Mama naye anasema nimeumbwa na subira. Nani kaniumba hivyo kama si wao? Mawe angalau yanarudishiana zamu. Kwetu haijawahi kurudi. Nina hasira nao wote, na mama yumo.

Ijumaa, 8 Machi
Nimejibu ndiyo. Nikawaandikia wote kwenye grupu la familia. Baadaye mdogo wangu akaandika: umefikiria lakini, dada? Wanakuja kesho.

Jumamosi, 9 Machi
Wamekuja. Kaka kwenye kiti cha baba, wifi na simu yake, mdogo wangu karibu na mlango. Mama katikati, kwenye kochi. Nikawaambia naondoka mwisho wa mwezi, mpangiane zamu za kukaa na mama. Kaka akasema haiwezekani — kama mtu anayeambiwa jua litachomoza magharibi. Nikamwambia itawezekana siku mtakapoinuka.

Hapo mama akaomba maji.

Hakuna aliyemtazama mama. Wote walinitazama mimi. Nikang'ang'ania kiti. Wifi akarudi kwenye simu. Mdogo wangu akawa anakagua kucha. Mama akaomba tena, sasa akiniita mimi.

Naandika jikoni, nimesimama. Glasi ya mama imejaa maji. Sebuleni wameanza kuzungumzia ubovu wa barabara, tena kwa raha, mambo yao yamekaa sawa. Sijarudi. Mama anakohoa. Natega sikio nisikie kiti hata kimoja kikisogea —