Kwa Bibi Amriya, Aliyeijua Zaatarani kwa Pua

Mwaka umetimia sasa, Bibi, tangu asubuhi ile ulipoitisha glasi ya pili ya chai ukaiacha nusu. Tulidhani umesinzia. Mbuzi walishaanza kulia zizini, na wewe hukuwahi kuwaacha walie.

Watakaosoma hapa wengine hawakukujua. Basi wajue kwamba ulikuwa Amriya binti Furayj, Mjabaliya wa milima ya Sinai, na kwamba kwa miaka sitini ulichunga mbuzi juu ya Mlima Umm Rukba. Shule hukwenda. Jina lako ulilitia kwa kidole gumba.

Ulikuwa mpole kwa wagonjwa na mkali kwa wavivu. Kifua cha jirani kikibana, birika lilikuwa limeshawekwa motoni kabla hajaita. Ulichemsha zaatarani, kile kichaka kifupi chenye majani ya kijivu kinachojibana kwenye nyufa za mawe, mahali theluji inapochelewa kuyeyuka. Watafiti wanasema hakioti popote duniani ila katika milima yetu hii. Wewe ulikuwa ukisema, "Wapi tena kingependa kukaa?"

Ulichuma kwa kucha, si kwa kisu. Ncha tatu kila kichaka, kisha unapita. Binti yako Salima, alipokuwa mdogo, alichuma ncha ya nne, ukamrudisha mlimani akaombe radhi. Mpaka leo anasimulia, "Nilikiomba radhi kichaka, jamani, na mbuzi wote wamesimama wananitazama."

Leo hatukuandikii kulia, Bibi. Tunakuandikia kwa sababu ulishinda, na wapo ambao hawajasikia ulivyoshinda.

Daktari Nermin, mtafiti wa mimea, alikuja kutoka chuo cha ng'ambo ya mfereji na wanafunzi wake watatu, na mikasi, na bahasha. Alikusalimu vizuri, akakuuliza zaatarani iko wapi. Ukawapeleka chini bondeni, kwenye vichaka kumi na moja ambavyo kila mpita njia anavijua.

"Hakuna vingine, Mama Salima?"

"Zimekwisha, binti yangu."

Uliongopa. Wanawake wa kwetu wote wangeongopa. Mama yako alikufundisha kwamba mtu anayekuja na mfuko haambiwi mmea unakoota, na wewe mwenyewe ulishawahi kumwona mfanyabiashara mmoja akiung'oa mteremko mzima na mizizi yake, akaujaza kwenye magunia. Jioni ile ulicheka nyumbani. "Wamekunywa birika langu zima, wameondoka na vichaka kumi na moja."

Karatasi ya ofisi ya hifadhi ikaja wakati wa baridi. Shemeji yako Mzee Awda, ambaye ni mkubwa wetu, aliisoma kwa sauti. Zaatarani imebaki vichaka kumi na moja katika Umm Rukba yote. Walioimaliza ni mbuzi. Kwa hiyo mlima utazungushiwa waya, na mbuzi hawatapanda tena, si mwaka huu tu, bali daima.

Nyumba kumi na tisa zinalisha mbuzi pale juu, na hazina malisho mengine ya kuwatosha mwaka mzima. Ulikuwa unashona; sindano ikasimama. Wanaume walipiga kelele kuhusu serikali. Wanawake walikutazama wewe, kwa sababu wao walijua.

Siku tatu hukula vizuri. Mjukuu wako Sabha alikuletea mkate wa moto na jibini kavu, ukawa unaumega mkate na kuuweka chini. Siku ya nne ulifunga mkanda wako, ukasema, "Twende mjini. Uongo ni wangu, nitautoa mwenyewe."

Huko ofisini chumba kilijaa wanaume. Bwana mmoja wa hifadhi alikuwa na kalamu mkononi, tayari kutia sahihi. Daktari Nermin alikaa pembeni na sanduku lake. Hukungoja kukaribishwa.

"Nilidanganya," ulisema. "Vichaka ni vingi. Nilivificha."

Yule bwana akatabasamu. "Hajati..."

"Hija sijaenda bado."

"Sawa, Mama. Juzi ulisema zimekwisha. Leo unasema ni nyingi, kwa sababu umesikia habari ya mbuzi. Tukuamini lipi?"

Mzee Awda alijifuta uso. "Shemeji, umetuaibisha mbele ya watu."

"Aibu nitaibeba mimi, Awda. Wewe utawabeba mbuzi mia tatu?"

Kuwapeleka juu ili waone kwa macho haikuwezekana. Theluji ilikuwa imefika magotini njiani, na karatasi ilikuwa itiwe sahihi siku hiyohiyo. Ndipo ulipomgeukia daktari ukamwambia afungue sanduku lake.

Alikuwa na bahasha saba za majani makavu, kutoka milima minne. Majani ya kila bahasha alikuwa ameshayapima mafuta yake kwa mashine huko chuoni. Ukamwambia, "Nifungeni macho. Nitawaambia kila jani limeota wapi. Nikipatia, niaminini na kwa vichaka nilivyoficha. Nikikosa, tieni sahihi yenu, nami nitakwenda kuwaambia wenye mbuzi."

Mzee Awda akakufunga kwa kilemba chake mwenyewe.

"Kinanuka tumbaku hiki," ulilalamika. "Unataka nishindwe?"

"Kaza pua, mwanamke," alisema, na sauti yake ilikuwa imelainika.

Ulilipekecha jani vidoleni, ukanusa, ukalitafuna kidogo, ukatema. Kwako zaatarani zilikuwa za namna mbili. Ile inayoota kwenye jua la mchana uliiita ya kifua, kwa kuwa inapanda puani na kuchoma koo. Ile ya kivulini, inayonyweshwa na theluji, uliiita ya tumbo, kwa kuwa ukali wake ni mzito na unashuka taratibu. Daktari Nermin naye ana majina yake mawili: mafuta ya ile ya kwanza anayaita thaimoli, ya ile ya pili kavakroli. Hakuna aliyemfundisha mwenzake. Mlikutana njiani tu.

"Hili la kifua. Mlima wa mashariki, juu ya mawe mekundu." Daktari akatazama bahasha, akatikisa kichwa kwamba ndivyo. "Hili la tumbo. Kwenye ufa mwembamba, maji yanadondoka karibu." Ndivyo. La tatu, la nne, la tano. Kwenye la sita uliomba maji, ukasukutua, ukanusa tena. Ndivyo.

La saba ulilinusa muda mrefu. "La tumbo," ulisema. "Upande wa kaskazini, chini ya theluji."

Yule bwana wa ofisi alishaisoma bahasha. "Amekosea. Hapa imeandikwa bonde la chini, juani."

Uliinamisha kichwa na kile kilemba machoni, na mikono yako ikatulia mapajani. Sisi tuliokuwepo tulidhani imekwisha.

Daktari Nermin alikuwa anafunua daftari lake, anarudi nyuma, anafunua tena. Akasimama. "Hajakosea," alisema. "Mashine ilisema hivyohivyo, mafuta ya kivulini. Nikadhani mashine imeharibika, nikapima mara tatu." Akawageukia wanafunzi wake. "Nani aliandika hizi bahasha?"

Mmoja akainua mkono nusu. Alikuwa ameandika bahasha mbili ndani ya gari, barabara ikiwatikisa, na moja akaikosea.

"Basi mashine na pua ya Mama Salima vinakubaliana," daktari alisema. "Tuliokosea ni sisi."

Kalamu ikarudi mfukoni. Walikubaliana kungoja majira ya kuchipua. Njiani kurudi Mzee Awda alikukumbusha kilemba chake, ukamwambia utamrudishia kikishafuliwa.

Ulipowapeleka juu ulikuwa na miaka sabini na minne. Ulikataa ngamia. Ulipanda kwa miguu muda wa saa nne, ukiwangoja wanafunzi kila kona na kuwauliza kama chuoni huwa wanalishwa. Mlipovuka ukingo wa juu, likatokea bonde dogo lililojificha, na harufu ikaja kabla ya macho.

Walihesabu siku mbili. Vichaka mia nne na kumi na viwili.

Daktari Nermin aliketi juu ya jiwe. "Kwa nini huku mbuzi hawajaharibu?"

"Kwa sababu huwa tunafunga." Ukamweleza hilfu, kile kiapo chetu: mvua ya kwanza ikinyesha wanawake wanakutana, wanaapa, na mlima unafungwa. Mbuzi hawapandi mpaka mbegu ziwe zimedondoka ardhini. Anayevunja anachinja mbuzi wake, na watu wote wanakula.

"Na imewahi kuvunjwa?"

"Mara moja. Shemeji yangu Awda. Nyama ilikuwa nzuri."

Karatasi ya pili haikuwa na waya. Ilisema mlima ubaki katika hilfu yake, mbuzi wapande siku ya kufunguliwa, na wenye magunia wasipite. Ulitia kidole gumba chini yake, lakini kwanza ulimwapisha daktari kwamba lile bonde halitatajwa. Ramani yao ina alama juu ya Umm Rukba, na bonde halimo. Ametunza kiapo chake.

Ulipotutoka tuliogopa jambo moja, Bibi. Hilfu ilikuwa sauti yako. Wewe ndiwe uliyekwenda nyumba kwa nyumba, ukamkumbusha mwenye kusahau na kumgombeza mwenye kujidai hakusikia. Mvua ya kwanza iliponyesha tulitazamana, hakuna aliyejua nani ataita.

Wakaja wenyewe. Wanawake wa nyumba kumi na tisa walikuja kwenye uwanja wa nyumba yako bila kuitwa, wengine na vitoto mgongoni, nguo zikiwa bado zinadondosha maji. Wakaapa. Miezi yote ile hakuna kwato iliyopita ukingo wa juu.

Wiki iliyopita tumeufungua mlima. Sabha na Daktari Nermin walitangulia siku mbili kuhesabu, wakarudi na hesabu mia nne na arubaini, na vichaka vichanga miongoni mwake vilikuwa havijafika urefu wa kidole. Kisha mbuzi wakaachiliwa. Mzee Awda alisimama njiani kuwapungia fimbo, na wakawa wanapita mbele yake tangu jua linachomoza hadi watu walipoanza kutafuta kivuli, kundi baada ya kundi, mlima mzima unalia kengele.

Wanaokukumbuka ni binti yako Salima. Mjukuu wako Sabha na ndugu zake. Shemeji yako Mzee Awda. Daktari Nermin, uliyemwita binti yako na anayetaka aandikwe hivyo. Na wenye mbuzi wote wa Umm Rukba, ambao wako juu sasa hivi.

Hatutakusahau siku yoyote, Bibi Amriya.