Wino Kwenye Vidole vya Wagonjwa

Jumatatu, 7 Juni

Baridi kali. Sabuni ya wodi imebaki vipande viwili, nimevikata vikawa vinne. Bandeji zilikauka vizuri kwenye kamba, nikazikunja kabla ya chai. Matroni yuko likizo, kwa hiyo wodi ya wanawake ni yangu mpaka arudi. Sioni shida. Kazi hii naijua miaka kumi na minne.

Saa nane mchana nilikuwa nagawa vidonge. Nikasikia lori la ushirika likipiga honi toka getini mpaka mlangoni, limebeba majeruhi. Basi la kutoka Milepa, bondeni, lilikuwa linapanda mlima kuja huku mjini. Breki zikashindwa, likarudi kinyumenyume, likapinduka. Wawili walifia njiani. Wanawake tisa waliletwa kwangu, wanaume wakaenda wodi ya pili.

Aliyeumia vibaya kuliko wote ni Sabina. Mjane, kama miaka hamsini. Mguu wa kushoto umesagika chini ya goti. Daktari ameukata. Nilimshika kichwa mpaka dawa ikamchukua. Hakulia. Aliuliza tu mahindi yake yaliyokuwa juu ya basi yako wapi.

Jumanne, 8 Juni

Wote tisa wameamka hai. Najivunia.

Nimesahihisha chati ya Leokadia, bibi aliyevunjika nyonga. Gaudensi, karani wa mapokezi, aliwaandika wote kuwa ni watu wa Milepa. Leokadia si wa Milepa. Ni wa Mwimbi, alikuwa ametoka kumsalimia binti yake aliyeolewa bondeni. Mimi mwenyewe nyumbani ni Mwimbi. Nilimtambua kwa Kifipa chake kabla hajamaliza sentensi.

Jumatano, 9 Juni

Saa ya kutazama wagonjwa alikuja mwanamume mgeni. Koti la kaunda la kijivu, mkoba wa ngozi, kalamu tatu mfukoni. Jina lake Eliasi. Alileta biskuti na machungwa, akapita kitanda kwa kitanda. Kila mtu anamwita ndugu. Aliinama mpaka chini kuwaamkia wazee shikamoo.

Nilidhani ametumwa na parokia. Nilimshukuru. Nilimwekea na kiti.

Alhamisi, 10 Juni

Leo nimeona nilivyokuwa mjinga jana.

Namwosha Sabina mikono, dole gumba lina wino wa bluu. Leokadia vilevile. Nikapita vitanda vyote tisa. Vidole sita vina wino.

Nikauliza. Wakasema yule ndugu wa machungwa amewaandikisha msaada wa ajali. Msaada wa nani? Wa serikali, mmoja akasema. Wa misheni, akasema mwingine. Leokadia alikuwa na karatasi chini ya mto. Imepigwa taipu kwa Kiingereza chote, chini ina mhuri wa wakili mmoja wa Mbeya.

Kiingereza changu ni cha chuo cha uuguzi. Nilikaa na kamusi chumba cha dawa mchana mzima, chai ikapoa. Karatasi inasema hivi: mgonjwa amemkabidhi wakili huyo madai yake yote kwa shirika la bima ya basi. Malipo yatapitia mikononi mwa Eliasi. Nusu ni yao kabla ya gharama, na gharama zinatoka kwenye nusu ya mgonjwa. Mgonjwa haruhusiwi kuzungumza habari za ajali na mtu mwingine. Haruhusiwi kubadili mawazo.

Mtu amekatwa mguu Jumatatu. Jumatano anawekewa kidole kwenye karatasi asiyoielewa, na dawa ya usingizi bado imo mwilini.

Nina hasira. Naandika polepole ili mwandiko usiharibike.

Ijumaa, 11 Juni

Karatasi ya Leokadia imeandikwa: mkazi wa Milepa.

Jambo hilo lilinijia nikiwa nafunga kidonda, nikasimama kidogo. Kwenye chati zangu ameandikwa Mwimbi tangu Jumanne. Mwenyewe angeulizwa angesema Mwimbi. Milepa imeandikwa mahali pamoja tu, kitabu cha mapokezi. Na kitabu cha mapokezi kinashikwa na mtu mmoja.

Gaudensi ndiye baba wa ubatizo wa mwanangu Toni. Mume wangu alipofariki ni yeye aliyekwenda kutafuta mbao za jeneza.

Nilimfuata ofisini kwake nikafunga mlango. Nikaweka karatasi mezani. Aliisoma.

"Mama Toni, nani ameumia hapa?" akasema. "Hawa hawajui hata bima ni kitu gani. Bila Eliasi wasingepata kitu."

"Umempa majina."

"Nimempa majina tu. Majina si dawa, sijaiba kitu cha hospitali."

Nikamuuliza ni mara ya ngapi. Akaanza kupanga faili ambazo zilikuwa zimepangwa tayari.

Nilitoka. Sikumuaga.

Jumamosi, 12 Juni

Eliasi amerudi kuchukua vidole vitatu vilivyobaki. Nilisimama mlangoni. Akasema ana haki ya kuwaona wateja wake. Nikamwambia ndani humo kuna wagonjwa, wateja wapo sokoni. Akatabasamu, akafungua mkoba, akatoa kitenge kipya, cha aina ambayo duka la ushirika halijaona tangu Pasaka. Akanipa kama zawadi ya shemeji.

Kizuri kweli. Nakiri nilikitazama.

Nikamrudishia. Tabasamu likaisha. Akasema mwanamke mwenye mtoto wa kusomesha angekuwa mwangalifu zaidi. Nikafunga mlango.

Jumatatu, 14 Juni

Nimeomba ruhusa ya saa mbili, nikapanda baiskeli, nikakatiza mtaa wa Mazwi mpaka mahakamani. Hakimu ni kijana, Mnyakyusa, mwaka wake wa kwanza hapa. Alisoma karatasi mara moja tu, akavua miwani.

Alinieleza taratibu, kama mwalimu. Sheria inamkataza wakili kutuma watu kumkusanyia wateja, hospitalini au popote pengine. Wakili halali anasubiri ofisini, mwenye shida anamfuata. Anayetembeza karatasi kwa niaba yake ana kosa, na wakili ana kosa. Kidole cha mtu aliyedanganywa hakimfungi. Na bima, akasema, mtu anaweza kuidai mwenyewe kwa barua yake, ripoti ya polisi na ripoti ya daktari.

"Lakini siwezi kufungua kesi kwa maneno yako," akasema. "Wewe hukuweka kidole. Nahitaji wao waseme walivyoambiwa."

Nikamwambia watasema. Nilirudi napiga kengele ya baiskeli njia nzima. Nilijua nimeshinda.

Jumanne, 15 Juni

Sikushinda.

Nilisimama katikati ya wodi nikawatangazia yote: wamedanganywa, Eliasi ni mwizi, hakimu amenisikiliza, polisi watakuja, kila mtu atatoa maelezo. Nilisema kwa Kiswahili cha mkutano. Waliposikia neno polisi, wawili walijifunika blanketi.

Nikaenda kwa Sabina, nikitegemea yeye ataanza.

"Sista," akasema, "wewe miguu yako unayo."

Nikamwambia nataka kumsaidia.

"Yule mtu alikaa hapa akaniuliza mguu nilikuwa nautumiaje. Nikamwambia shamba la kijiji na shamba langu. Akaandika. Mwenye basi hajaja. Katibu wa kijiji hajaja. Nani mwingine ameniuliza habari ya mguu wangu?"

Nimembadilishia bandeji siku nane mfululizo na sikuwahi kumuuliza.

Akageukia ukutani. Akasema hatamsemea mtu vibaya mbele ya polisi. Nusu ya kitu ni bora kuliko barua za serikali.

Nimerudi nyumbani na aibu.

Jumatano, 16 Juni

Nimeitwa kwa mganga mkuu. Kuna malalamiko, hayana sahihi: nafukuza wageni wa wagonjwa, naleta siasa wodini, naacha zamu kwenda mjini. Ruhusa ya saa mbili ninayo kwa maandishi. Nikaiweka mezani. Akaisoma, akakohoa. Akasema yeye hana neno na mimi, ila kuna zahanati huko chini ziwani ambayo haina muuguzi, na maneno yakizidi atalazimika kufikiria.

Nikamweleza habari yote. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema niendelee na kazi. Kazi ipi, hakusema.

Toni yuko darasa la sita. Shule ya ziwani inaishia la nne. Nimeogopa. Nilipika uji nikausahau jikoni ukaungua.

Alhamisi, 17 Juni

Hakuna jipya. Vidonda, vidonge, mashuka. Gaudensi alinipita barazani akatazama sakafu.

Ijumaa, 18 Juni

Nilivuta kiti kando ya kitanda cha Sabina baada ya chakula cha mchana. Kwanza nilimwomba radhi. Nikamwambia nilisimama pale kama mkuu wa wilaya, nilipaswa kukaa. Kisha nikamuuliza habari za mguu.

Aliongea mpaka jua likahama dirisha. Alivyokuwa akibeba mahindi toka bondeni. Alivyolima zamu ya marehemu mumewe pamoja na yake. Anavyoogopa kwamba kijijini wanagawana mavuno kwa siku za kazi, na asiyesimama shambani hana siku.

Alipomaliza nikatoa karatasi. Nikamsomea kwa Kifipa, mstari kwa mstari, bila kuongeza la kwangu. Penye nusu nilisema nusu. Penye gharama nilisema gharama. Nilipofika mahali pasemapo haruhusiwi kuzungumza habari za ajali na mtu mwingine, akanishika mkono.

"Rudia hapo."

Nikarudia.

"Kwa hiyo hii tuliyoongea leo ni kosa?"

"Kwa karatasi hii, ndiyo."

Leokadia alikuwa anasikiliza toka kitanda cha pili, akasema kwa sauti kavu kwamba yeye si mtu wa Milepa na hajawahi kuwa. Mtu akacheka. Wodi nzima ikacheka, na Sabina naye kidogo.

Kisha akasema, "Mwite huyo hakimu. Nitasema nilivyoambiwa. Sitasema zaidi."

Jumatatu, 21 Juni

Askari mmoja na karani wa mahakama walikaa wodini tangu saa tatu. Niliwawekea masharti: kofia mkononi, sauti ya chini, mgonjwa akichoka wanaacha. Wakafuata. Wanawake sita, maelezo sita. Sabina alisema bila kutetemeka.

Mchana walimkuta Eliasi kwenye nyumba ya wageni, anafunga mizigo. Mkoba una karatasi za hospitali nyingine tatu. Karatasi za watu waliolala kama hawa, sijui wako wapi sasa.

Jioni Gaudensi alikuja wodini mwenyewe. Akasema amekwenda polisi kwa miguu yake na amewaeleza kila jina alilotoa, tangu mwaka jana. Hakuomba nimsamehe. Nami sikusema nimemsamehe. Nilimpa maji, akanywa amesimama.

Alhamisi, 8 Julai

Mahakamani. Sabina aliingia kwa magongo, ya kwake ya kwanza. Eliasi alikuwa na koti lilelile. Alidai alikuwa anawasaidia wanyonge, na kwamba wanyonge hao wamechochewa na muuguzi. Hakimu akamuuliza kwa nini basi karatasi haikuandikwa kwa lugha ya wanyonge.

Ametiwa hatiani. Karatasi zote sita zimefutwa mbele yetu kwa kalamu nyekundu. Wakili wa Mbeya amekana kumfahamu, ila mhuri ni wake. Shauri lake limepelekwa Dar es Salaam kwa wakubwa wa mawakili. Huko litakuwaje, hakimu mwenyewe hakuahidi.

Gaudensi ameondolewa mapokezi, amewekwa stoo. Mkewe hanisalimii kanisani. Naelewa. Ningefanya tena vilevile, isipokuwa ile siku ya Jumanne.

Habari ya zahanati ya ziwani haijatajwa tena.

Jumamosi, 24 Julai

Barua za bima zimekwenda, sita, kwa rejista ya posta. Tuliziandika Jumapili tatu. Mimi naandika, mwenye barua anasema. Leokadia alitaka jina la Mwimbi lipigiwe mstari. Nimepiga. Hakimu alizipitia akasahihisha moja tu.

Matroni amerudi. Amekuta wodi safi. Hakusifu, ila hakupata la kusema.

Jumamosi, 28 Agosti

Sabina ameondoka leo.

Bima wamejibu juzi. Wanataka ripoti ya daktari na wamesema itachukua muda. Ripoti tumepeleka. Katibu wa kijiji chake alikuja wiki iliyopita, amechelewa lakini alikuja, na wamekubaliana atapewa kazi ya kuhifadhi mbegu ghalani, siku zake zihesabiwe kama za wengine. Sabina alimuuliza maswali mengi kabla ya kukubali.

Nilikuwa nimemtafutia nafasi kwenye gari la chanjo linaloshuka bondeni. Alikataa. Alisema atapanda basi, maana njia ya kwao ni hiyo na ataipita mara nyingi bado.

Nilimsindikiza stendi. Alipanda mwenyewe, akakaa dirishani, magongo katikati ya magoti. Mimi ndiye niliyekuwa nazunguka basi nikitazama magurudumu. Aliniona, akanyoosha mkono dirishani akanishika bega mpaka dereva alipowasha.

Basi likapinda kona ya soko. Nilinunua mboga nikarudi nyumbani. Toni alikuwa anafua shati lake la shule. Nikakaa nje juani karibu naye, miguu nimeinyoosha, mpaka shati likakauka.