Plafondi Ile Niliigongomea Mimi

Jumanne, 6 Juni 2006

Mama Jemima ametoka tena kabla ya mwanga, kwenda maombini. Kajifunga kitenge kipya. Kitenge kipya! Kwa maombi! Leo nimemfuata. Ndiyo, nimemfuata mke wangu kama mwizi, nikijibanza kwenye nyua za watu. Nilikuwa na hakika nitakuta mwanaume. Nikachungulia dirishani: wamama watupu, na mzee Ambroise anayewaongoza, ambaye haoni hata sahani yake mwenyewe. Wamepiga magoti. Mke wangu analia na kucheka kwa pamoja, uso unang'aa. Uso ule sijauona nyumbani tangu tulipooana.

Nimerudi kwenye atelie yangu ya useremala, nikaharibu mbao nzuri kwa hasira. Ningekuta mwanaume ningejua la kufanya.

Alhamisi, 8 Juni

Jana usiku risasi zililia upande wa barabara ya Bule. Wanasema vita imeisha. Labda wenye bunduki hawajaambiwa. Zamani zikilia, Mama Jemima alikuwa ananikamata mkono mpaka kucha zinaingia nyamani. Naumia, nafurahi. Jana aliomba maneno machache, akageukia ukuta, akalala. Na kukoroma! Mimi nikabaki macho na panga langu, mkono mtupu, hakuna anayeushika.

Asubuhi nikamwuliza kama haogopi tena. Akasema: "Miye iko na kimbilio, Papa Jemima. Naogopa nini?"

Kimbilio. Na mimi ni nani hapa — mlinzi wa baiskeli?

Namwonea Mungu wivu. Basi, nimeandika. Ni dhambi, najua, lakini ndivyo nilivyo leo.

Ijumaa, 9 Juni

Jumapili atatoa ushuhuda kanisani, pamoja na matoleo ya shukrani. Kuku wangu mwekundu ndiye toleo. Sikuulizwa. Leo anapika sombe ya majani ya muhogo huku anajizoeza kwa sauti: Mungu alituficha, Mungu alifumba macho ya wale watu, Mungu alimnyamazisha mtoto.

Ngoja kwanza! Mwaka 2003, wale wenye bunduki walipoingia kwetu, nani aliwapandisha juu ya plafondi, yeye na Jemima mchanga? Mimi. Nani aliigongomea dari hiyo kwa mikono yake? Mimi. Nani alibaki chini, akafungua mlango, akasema hapa hakuna mwanamke, akapigwa kitako cha bunduki mpaka jino likatoka? Pengo ninalo, nalilamba hapa ninapoandika. Mungu hakupoteza jino!

Nikamwomba tu anitaje. Akacheka kwa upole: "Nitakutaja. Lakini nani alikukataza weye kushukuru?"

Nikala sombe yote. Ilikuwa tamu, jambo lililozidi kuniudhi.

Jumapili, 11 Juni

Ameshuhudia. Watu walijaa mpaka nje. Amenitaja — mara moja tu! "Bwana yangu alitupandisha juu, kisha akarudi chini." Baada ya hapo ni Mungu, Mungu, Mungu. Wamama wakapiga vigelegele. Akacheza mpaka mbele, kuku wangu mikononi, mwepesi kama msichana. Na mimi nimekaa kwenye benchi nililolitengeneza mwenyewe, naona wivu. Nje watu wakanipa mkono: Mungu alifanya kazi kubwa kwenu, Papa Jemima! Nikatabasamu. Mashavu bado yanauma.

Nyumbani nikalipuka. Nikamwambia plafondi ni yangu, misumari ni yangu, jino ni langu! Hakukasirika. Angekasirika ningepata nafuu. Akasema polepole: "Ni kweli, weye njo ulituweka kule. Nashukuru Mungu juu yako kila siku. Lakini weye ni fundi. Niambie: ni nini ilitubeba?" Akatoka kwenda kumwogesha mtoto uani.

Tripleksi ndiyo iliwabeba! Nilijibu kwa kelele, majirani wasikie. Nikachukua ngazi. Nikasema nitalala pale juu mwenyewe, aje aone, naye akashuhudie na hilo!

Sasa nimekaa kitandani, vumbi kichwani.

Tripleksi ni ubao mwembamba wa kuficha mabati, basi. Mteja akitaka kuweka hata gunia la mahindi juu yake, namkataza. Siku ile hapakuwa na nafasi ya kufikiri. Tangu siku ile nimejisifu tu. Mke wangu na mtoto walilala katikati, mahali ambapo hakuna boriti, mpaka wale watu walipomaliza kuiba. Tena waliisukuma dari kwa mitutu, niliona kwa macho yangu.

Nimeingiza kichwa kwenye tundu la kupandia darini, nikaweka kiganja pale walipolala. Nikakandamiza kidogo, kama mtu anayejaribu godoro. Ubao umepasuka! Nimeukagua. Hakuna mchwa. Hakuna maji yaliyoingia. Mkavu, mzima, kama siku niliyoununua. Kwa mkono tu.

Mama Jemima ameita toka uani: "Papa Jemima! Umeanguka?" Ameita tena, sauti imeingia hofu. Nasikia sandali zake zinakuja mbio. Mimi nimekaa tu, nakiangalia kiganja changu, na kilichowabeba sikijui.