Leokadia, Uliniomba Maji

Leokadia mdogo wangu,

Tangu tukuzike sijawahi kukuandikia. Niliogopa kwamba nikianza nitalazimika kusema. Leo nasema.

Siku ile ya kuvuna mpunga Mama alikuwa ameenda msibani Sibwesa, akaniachia shamba, na wewe pia. Ulikaa chini ukashika magoti. "Dada, mifupa inaniuma. Naomba nikanywe maji." Nikakujibu, "Siku ya kazi ndiyo unaumwa. Maliza kwanza hapo." Ukaomba tena, sikugeuka. Basi ukainuka, ukavuna mpaka mwisho kwenye jua la utosi. Kesho yake ulikuwa unawaka homa, macho ya njano. Siku ya tatu ulifia mikononi mwa Mama.

Nilimdanganya Mama kwamba maumivu yalikuanzia nyumbani, kabla ya kwenda shambani. Watu wakasema umerogwa, wakamtaja Shangazi Kristina, kwa kuwa asubuhi ile alikupa uji. Mama akaacha kumsalimia. Mimi nikanyamaza, Leokadia. Miaka yote hiyo nilikuwa nikikutana na Shangazi njiani naangalia pembeni.

Sasa nina binti, Neema, ana miaka sita. Mwaka jana miguu ilimuuma, akalia hadi sauti ikakauka. Hospitalini Mpanda wakampima damu, wakasema ni sikoseli, ugonjwa wa damu wa kurithi. Daktari akaniuliza kama kwetu kuna mtoto aliyewahi kuumwa mifupa hivyo. Nikamsimulia habari zako, nikaruka ile ya maji. Akasema inaelekea ulizaliwa na ugonjwa huo huo. Halafu akanielekeza kuhusu Neema: asichoke sana, asikae na kiu. Nilishindwa kumtazama usoni.

Neema anameza kapsuli kila siku. Hazimalizi ugonjwa, ila tangu azianze hajalazwa. Anaruka kamba na wenzake. Daktari anasema nchi za mbali wameanza hadi kurekebisha vinasaba vya mgonjwa. Huku kwetu bado. Nafurahi, halafu naona haya kwa kufurahi.

Jumapili iliyopita, baada ya misa, nilimweleza Mama yote. Hakunigombeza. Aliuliza kitu kimoja tu: "Aliomba maji mara ngapi?"

Nikasema mara mbili.

Akajifunga kitenge, tukaenda kwa Shangazi. Mama akapiga magoti pale mlangoni. Shangazi alimwinua, wakakumbatiana, wakaingia ndani. Mimi Shangazi hakuniambia neno. Nilibaki uani mpaka Mama alipotoka.

Nitaendelea kwenda kwa Shangazi, hata asiponiitikia. Na Neema akifikia umri wa kuelewa, nitamwambia kwamba alikuwa na mama mdogo aitwaye Leokadia, na nitamwambia nilichokufanyia, mimi mwenyewe, asije akakisikia kwa mtu mwingine.

Pumzika, mdogo wangu. Sikuombi unisamehe leo.

Dada yako,
Skolastika