Wiki Tano za Kumsubiri Clarisse

Jumatatu, 2 Juni

Barafu ya muuza samaki, vipande vitatu ndani ya ndoo. Miguu ndani, dakika kumi. Kama kila baada ya mbio. Inanuka samaki, nimezoea.

Goti la kulia limevimba. Kucha mbili nyeusi. Kiganja cha kushoto kimechubuka, bado kina changarawe.

Jana, kilomita ishirini na moja. Nilikaa nyuma ya Clarisse tangu mwanzo. Kwenye kona ya bandari, mtaa wa Makiso, zikiwa zimebaki mita mia sita, nikamfikia, nikaanza kumpita. Kisigino changu kikakanyagwa. Nikaanguka kifudifudi. Nikainuka, nikamaliza wa tano. Yeye wa kwanza.

Tumefanya mazoezi pamoja miaka minne. Alinikumbatia pale mwishoni. "Pole, chérie. Ile kona iko mubaya."

Nikamwambia haidhuru.

Jumanne, 3 Juni

Nashuka ngazi kinyumenyume kama mtoto. Mapaja ni mawe. Kwenye cherehani ndiyo mbaya zaidi, kila nikikanyaga pedali goti linapiga kelele. Sare saba za kwaya, za Jumapili. Nimemaliza moja.

Dada yangu mkubwa, Béatrice, amepika lituma, ndizi za kuponda. Nimekula sahani mbili. Njaa ya baada ya mbio haina aibu.

Alhamisi, 5 Juni

Nimepanda toleka kwenda kununua uzi. Mwenye baiskeli akanitazama goti, akauliza kama mimi ndiye niliyeanguka bandarini. Alikuwa amesimama pale pale na abiria wake.

"Ule mwenzako aliangalia chini kwanza," akasema. "Kisha akakukanyaga. Mimi niliona, mama."

Nikamuuliza mara tatu. Mara tatu jibu lile lile.

Nilisahau uzi.

Ijumaa, 6 Juni

Aliangalia chini kwanza.

Sikulala vizuri. Nimeshona mkono wa sare ya mtu kwenye shingo. Nimefumua. Namchukia. Sijawahi kuandika hivyo juu ya mtu.

Jumapili, 8 Juni

Papa Liévin, kocha wetu, amekuja nyumbani. Chama chetu cha riadha kina nafasi moja tu ya mwanamke kwenye marathoni ya Kinshasa, Agosti. Kwa haki nafasi ni ya Clarisse, kwa kuwa alishinda. Lakini kwa sababu nilianguka, tutapimwa tena, sisi wawili tu: Jumamosi tarehe 5 Julai, Simi-Simi, kilomita kumi na tano kando ya uwanja wa zamani wa ndege.

Sikumwambia alichoona yule wa toleka. Ningemwambia, angemfukuza Clarisse. Sitaki afukuzwe. Nataka awepo. Nataka nimpite nikiwa namtazama.

Jumatano, 11 Juni

Kutembea tu, dakika arobaini. Goti linakunjika. Clarisse amenitumia ujumbe: ninaendeleaje, tutaanza lini tena pamoja? Ameweka na moyo mwekundu.

Nimejibu: polepole. Sikuweka moyo.

Jumamosi, 14 Juni

Nimekimbia kilomita sita. Papa Liévin alisema tatu. Kila nilipochoka niliona ile kona, miguu ikapata nguvu. Hasira ni chakula kizuri.

Jumapili, 15 Juni

Goti limevimba upya. Mjinga.

Papa Liévin alikuja, akalibonyeza, akaniangalia. "Ulikimbia ngapi?"

"Tatu."

Akaliachia goti. Kisha akaingia ndani, akachukua viatu vyangu chini ya kitanda, akavifunga kamba kwa kamba na kuvitundika shingoni mwake.

"Utavipata siku ya Alhamisi. Donc, pumzika."

Akaondoka navyo barabarani, kila mtu mtaani kwetu Mangobo anaona. Béatrice alicheka hadi akakaa chini. Mimi nililia. Si kwa sababu ya viatu.

Jumanne, 17 Juni

Nimemweleza Béatrice yote. Alikuwa anatwanga pondu, majani ya muhogo, akaacha mchi. Akauliza nitafanya nini.

Nikasema nitamfanya ajue kuanguka kulivyo.

"Kumupita ao kumuangusha?"

Nikaokota majani yaliyomwagika. Akaanza kutwanga tena, kwa nguvu kuliko inavyotakiwa.

Alhamisi, 19 Juni

Viatu vimerudi. Amevisafisha. Kilomita tatu, sawasawa.

Alhamisi, 26 Juni

Kumi na mbili bila maumivu. Nimemwona Clarisse kwa mbali karibu na soko, anakimbia peke yake, mabega juu. Mabega yakipanda namna hiyo ujue ana wasiwasi. Namjua kuliko mama yake anavyomjua. Hawezi kuvumilia mtu wa nyuma. Atazidisha mwendo, atajimaliza.

Basi nitakaa nyuma. Kilomita kumi na tatu za kumtesa. Halafu kona ya mwisho, nimwambie: hii ni ya bandari. Maneno manne tu. Nayarudia nikishona.

Ijumaa, 4 Julai

Nimekula wali, ndizi. Viatu mlangoni. Sina hofu. Nina hamu tu, hamu mbaya.

Jumamosi, 5 Julai

Saa kumi na mbili asubuhi, ukungu. Papa Liévin na filimbi yake, Béatrice na maji. Clarisse alinipa mkono. Nikaushika kwa vidole.

Nikakaa nyuma yake, hatua moja. Kilomita ya tatu akageuka. Ya tano akageuka mara mbili. Ya nane akaanza kukimbia kama mtu anayefukuzwa, na kweli alikuwa anafukuzwa. Nilifurahi. Naandika kama ilivyo: nilifurahi kusikia pumzi yake inakatika.

Kilomita ya kumi na tatu, kisigino chake kikawa mbele ya mguu wangu kabisa. Soksi yake ina tundu. Papa Liévin alikuwa upande wa pili wa uwanja, ukungu kati yetu. Hakuna aliyeona. Niliangalia chini.

Niliangalia chini kama yeye alivyoangalia.

Nilitaka. Hakuna atakayesoma hapa, kwa hiyo naandika tena: nilitaka.

Nikatoka kulia, mbali naye, upana wa barabara nzima. Nikampita. Yale maneno manne hayakutoka, sikuwa na pumzi. Nilimaliza peke yangu. Yeye alifika akitembea, akakaa kwenye majani.

Papa Liévin akasema, "Bon. Ni wewe utaenda."

Nilipoinama kufungua viatu, Clarisse akaja. Hakuzunguka maneno.

"Ku bandari, nilikukanyaga. Niliona utanipita."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu Alhamisi iliyofuata."

Akasubiri nimtukane. Nikavua soksi. Akasubiri tena. Nikapanda pikipiki na Béatrice, nikaondoka.

Jumapili, 6 Julai

Nilidhani ningeamka na furaha. Nimeamka na njaa.

Nafasi ni yangu. Imekaa kifuani kama kitu cha mtu mwingine.

Jumanne, 15 Julai

Kilomita thelathini, zoezi refu kuliko yote kabla ya Kinshasa. Zaidi ya Clarisse, hakuna mwanamke mjini anayeweza mwendo wangu kwa umbali huo. Jana nilimtumia ujumbe: saa kumi na moja na nusu, mbele ya duka la dawa. Hakuna zaidi.

Alikuwepo. Amebeba chupa mbili za maji, moja akanipa. Tulikimbia bega kwa bega hadi daraja la Tshopo, na kupita, na kurudi. Mto umepungua.

Kwenye kilomita ya ishirini na sita nilianza kulegea. Akapunguza mwendo, bila kunitazama, hadi nikapata pumzi.

Sijamsamehe.

Alhamisi tunakimbia kumi na tano.